Sproet ya Nane

Jumapili, 5 Oktoba 2003

Mvua. Misa sikwenda. Nimekwenda baa kwa Irma, bia mbili, nikarudi.

Roelandt alikuwepo, lenzi yake mfukoni. Yule aliyekuwa mkata tiketi wa treni. Tangu astaafu hana kazi ila magazeti ya katuni. Sasa anakadiria toleo la kwanza la Sproet, la mwaka 1955 — yule mtoto wa madoa usoni na mbuzi wake — nakala zimebaki ngapi duniani. Si zilizobaki tu. Zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani!

Staf akamwuliza utajuaje, umeingia nyumba za watu wote? Roelandt akasema ni kama samaki wa bwawani. Unavua, unamtia alama, unamrudisha. Ukivua tena ukapata walewale, na tena walewale, basi bwawa halina samaki wengi. Na yeye kila mnada, kila soko la vitu vya kale, anakutana na zilezile. Moja pini imekaa upande. Moja ina tone la wino dogo kama jicho la siafu. Nyingine zina majina.

"Zamani nilikuwa nasema mamia," akasema. "Halafu hamsini. Sasa nasema saba, na hiyo saba naitamka kwa woga."

Nyingine zote ziliwashia majiko. Zilifungia samaki. Watoto walizila.

Mimi huwa sisemi kitu. Leo nimesema: Alida wangu anayo. Nimesema anayo, kama vile yuko nyumbani anamenya viazi. Watu wakatazama bia zao.

Roelandt akanishika mkono. "Kamiel! Bado mnayo? Haina mkunjo? Pini hazina kutu? Hakuna mtu aliyeichora?"

Nikasema haina, hazina, hakuna. Akasema Jumapili ijayo anakuja kuiona. Zile nzima zote atazikusanya ukumbi wa parokia mwezi wa kumi na moja, ndani ya kabati la kioo, na jina la mwenyewe chini. Akakimbilia basi.

Alipotoka tu, Staf huyo. "Eti hakuna mtu aliyeichora! Mzee, si ina penseli pale juu? Duka la baba mkwe wako halikutoa gazeti bila penseli. Ile yako ni ya kufungia chipsi!"

Kicheko. Irma naye kacheka, kageukia mashine ya kahawa ili nisimwone. Nimelipa nimeondoka. Masikio yalikuwa yanawaka njia nzima.

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeitoa. Iko kabatini katikati ya mashuka, palepale alipoiweka mwenyewe. Nyekundu bado nyekundu. Mbuzi bado mweupe. Inanuka sabuni yake.

Juu kulia, kwa penseli: Alida — haiuzwi.

Alikuwa na miaka tisa. Duka la baba yake lilikuwa mkabala na stesheni. Asubuhi kabla ya shule kazi yake ilikuwa kuandika jina la mteja pembeni ya kila gazeti, mpelekaji asikosee mlango. Mwokaji. Daktari. Mjane Claes. Siku Sproet ya kwanza ilipofika akaandika jina lake kwenye moja, akaificha chini ya fulana. Hiyo hakuifungua kamwe. Aliniambia alisoma ya mjane Claes, kwa mikono safi, ndipo ikapelekwa.

Maneno mawili tu. Lakini penseli inang'aa. Ukiinamisha kidogo unaiona ukiwa mlangoni.

Staf kasema kweli, mbwa yule.

Jumatano, 8 Oktoba

Kazi nyumbani kwa mwanasheria, yule wa barabara ya kanisa. Anavuta sigara kubwa zile, karatasi za ukutani zimekuwa rangi ya chai. Za zamani, maji hazitaki. Jos, bosi wangu, akanituma mkate.

Mkate mweupe wa jana. Unatoa ulaini wa ndani, unaukanda kama udongo, unaupitisha polepole, upande mmoja, husugui. Moshi unatoka wenyewe. Miaka arobaini nafanya hivi. Mke wa mwanasheria kasema nina mikono ya mkunga.

Kipande kikabaki mfukoni mwangu.

Nimefika nyumbani mwanga bado upo. Nikanawa mikono, nikanawa tena. Nikatandika kitambaa safi mezani, nikailaza juu yake. Sikufikiri.

Hapana. Nilifikiri. Nilifikiri kabati la kioo na kadi chini yake, Alida Verhulst, kwa herufi za mashine. Nikamfikiri Staf na mdomo wake. Nikasema jina si litakuwa chini, la juu la nini tena.

Haiuzwi ilitoka kwanza. Halafu jina, nikianzia nyuma. Ile A kubwa ndiyo iliyokawia. Mkate ukageuka kijivu.

Safi. Hata mimi mwenyewe sioni kitu. Nikajipongeza! Nikanywa kahawa nikiitazama.

Kisha nikasimama nikatupe mkate. Mkono ukakataa. Nimeuweka kwenye kisosi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimetazama tena. Halipo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Veerle kapiga simu kutoka Gent. Daktari kawaambia mtoto ni wa kike. Mwezi wa kumi na mbili. Ataitwa Alida.

Nikapenga kamasi. Akasema, "Baba, unalia?" Nikasema mafua.

Akasema kuna jambo anaomba. Kadi za mtoto, zile za kugawa na pipi za lozi. "Sitaki herufi za mashine, Baba. Nalitaka jina kama Mama alivyoliandika. Lile la kwenye Sproet. Mpiga chapa atalipiga picha tu, hataligusa."

Nikasema mama yako kaacha karatasi nyingine nyingi.

"Baba, karatasi zipi? Unajua mkono wake ulivyokuwa."

Najua. Miaka ile ya mwisho kijiko kilikuwa kinagonga sahani kabla hajaanza kula. Aliandika "maziwa" ikawa kama nyoka kapita. Na karatasi za zamani — mimi ndiye niliyezichoma, siku tulipopaka rangi sebule. Nilidhani takataka.

"Lile ndilo pekee ambalo mkono wake umetulia," akasema Veerle. "Alikuwa ananionyesha nikiwa mdogo. Ile A yenye mkia. Unaikumbuka?"

Nikasema ndiyo. Akasema, basi nitunzie mpaka Watakatifu Wote, nitakuja kuichukua. Nikasema ndiyo. Ndiyo, binti yangu!

Mkate umekuwa mgumu kama jiwe.

Jumapili, 12 Oktoba

Roelandt kaja na keki ya mchele ndani ya boksi. Kavaa tai. Kavaa glavu nyeupe kama mbeba jeneza. Akakaa kwenye kiti cha Alida.

Akafungua ukurasa mmoja mmoja, anapumulia puani. Pini akazitazama kwa lenzi moja, kona kwa lenzi nyingine. Mimi nyuma yake, nimesimama na kofia mkononi ndani ya nyumba yangu.

"Nane," akasema.

Nikasema nini?

"Nane, Kamiel! Hii sijapata kuiona maishani. Haina alama hata moja. Samaki mpya!" Akaninyanyukia, akanibusu shavuni, mzee mzima, ananuka pipi za mnanaa.

Nikasema si ulisema saba. Akasema ndiyo, saba na hii ni nane. Ya mkeo imo ndani ya ile saba tangu zamani. Alimwonyesha mwenyewe, wiki walipofunga duka. Akamkataza asiiguse hata kwa kidole. "Alida, haiuzwi!" Roelandt anacheka machozi yanamtoka. "Kumbe mzee wake alificha mbili! Ilete na ile, nizilaze pamoja."

Nikauliza, sijui kwa nini niliuliza — ile penseli haiiharibii?

Akanitazama kama nimemtukania mama. "Penseli ya duka la magazeti? Ndugu yangu, ile si doa. Ile ni cheti cha kuzaliwa! Bila yale majina ningejuaje samaki huyu ndiye yule? Adui yangu mimi ni mtoto aliyemchora Sproet masharubu. Huyo na anayefuta. Anayefuta nitamnyonga kwa mikono yangu."

Alisema kwa utani. Alikuwa anakata keki.

Na mdomo wangu ukafunguka peke yake. Nikasema iko darini, kwenye masanduku ya Alida. Sijapanda kule tangu mazishi.

La pili ni kweli.

Kala vipande viwili, kafuta sahani kwa kidole. Nane, nane, mpaka mlangoni. Kasema miaka yote anahesabu zinazopungua, leo ndiyo mara ya kwanza moja inaongezeka. Anashuka ngazi kama kijana.

Jumanne, 14 Oktoba

Kwa Irma kila mtu anajua. Wamenipigia makofi. Bia ya bure. Irma kasema, "Kaa karibu na dirisha, Kamiel, watu wamwone mwenye Sproet ya nane." Nimekunywa. Ilikuwa chungu. Sikuimaliza.

Alhamisi, 16 Oktoba

Staf kaja nyumbani. Hajawahi kuja. Kasimama mlangoni na mfuko wa nailoni kifuani, kalowa.

Nikadhani kaja kunicheka. Hakucheka. Akasema siku ile alinitania tu, alilewa. Akatoa Sproet yake. Imekunjwa katikati, kona moja panya kala. Mama yake aliilaza chini ya godoro miaka thelathini. Roelandt haihesabu hata kidogo.

"Mimi sijali hesabu," akasema. "Nimekuletea uone kitu." Akaweka kidole.

Juu kulia. Mwokaji. Kwa penseli.

Babake ndiye aliyekuwa mwokaji. Mwandiko wa Alida. Mkia wa herufi unapanda kama mkia wa paka.

Staf akasema, "Sikumjua alipokuwa mtoto. Lakini kila nikiiona hii namwona, kasimama kwenye kigoda, ulimi nje. Nikasema Kamiel atafurahi." Kisha akasema yako ile yenye jina lake mwenyewe lazima ni tamu zaidi. Nikasema ndiyo.

Nikampa kahawa. Alitaka biskuti, nikaenda jikoni. Nikakaa huko mpaka akaniita kama nimekufa.

Ningekuwa na Sproet iliyoliwa na panya ningekuwa tajiri leo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hakuna kazi. Baridi, jua.

Nilikuwa nakunywa kahawa. Sproet bado iko mezani, siwezi kuirudisha kwenye mashuka yake. Asubuhi jua linaingia dirisha la jikoni likiwa chini, linalala juu ya meza kama maji. Likafika kwenye gazeti. Nikaona.

Mifereji. Alikandamiza penseli, yule mtoto! Rangi imetoka, mifereji imebaki. A, na mkia wake. l. i. Jua likasogea kidogo, ikawa karatasi tupu.

Mifereji hupigi picha ukaipeleka kwenye kadi. Au unapiga? Sijui. Mpiga chapa angejua. Lakini kumwuliza ni kusema.

Alasiri nikachukua penseli ya kazi, nikaichonga. Mifereji si ipo, nikasema, ni kufuata tu. Nikajaribu kwanza pembeni ya gazeti la leo. A yangu ni ngazi ya fundi. Nikajaribu tena. Tena. Ukurasa mzima wa mpira umejaa Alida, na hakuna hata mmoja aliye yeye.

Penseli nimeivunja.

Jumapili, 26 Oktoba

Roelandt kapiga simu. Hotuba yake ya siku ya maonyesho kamaliza. Kaniomba ruhusa anitaje. Nikasema usinitaje. Akasema nilijua utasema hivyo, wewe ni mnyenyekevu.

Mnyenyekevu!

Akauliza ile nyingine vipi, umepanda darini? Nikasema goti.

Jumamosi, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Makaburini na Veerle. Tumbo limekuwa kubwa, anatembea kama bata, nikamwambia, akanipiga kwa mwavuli. Mumewe kazini.

Tumeweka maua mawili ya krisanthemumu, meupe. Nikasafisha jiwe kwa brashi. Jina la Alida limechongwa. Hilo hata mkate hauliwezi.

Nikasema, "Veerle."

Akasema, "Naam, Baba."

Mbele yetu mama mmoja alikuwa anamzaba mtoto kibao kwa kukanyaga kaburi la mtu. Nikasema mvua inakuja, twende.

Njiani akasema Roelandt alimpigia, kamwambia ile yenye jina iko darini. Kwa hiyo ziko mbili, Baba? Kwa nini Mama hakuniambia ziko mbili? Nikasema mama yako alikuwa na siri zake.

Nimemsingizia maiti. Siku yake. Njiani tukitoka kwake.

Akacheka, akasema, "Yeye? Yeye hakuweza hata kuficha zawadi ya krismasi."

Jioni akaiona hii isiyo na jina. Akaigeuza, akainusa. Akasema nzuri, Baba, lakini si yeye. Akairudisha mezani kama sahani ya mtu mwingine.

Jumapili, 2 Novemba

Veerle kalala hapa. Kaamka kabla yangu, kavaa koti langu la kazi, kafunga kitambaa kichwani. Anapanda darini.

Nikasema hupandi, na tumbo hilo! Akasema Baba, wewe goti, mimi tumbo, nani apande, paka? Jumanne mpiga chapa analitaka jina. Nikasema nitapanda mimi kesho. "Kesho hiyo Roelandt kaisikia wiki tatu."

Nikamshikia ngazi. Ndiyo. Nimeshika ngazi kwa mikono miwili mpaka miguu yake ikapotea juu.

Sasa nimekaa mezani. Sproet iko mbele yangu. Kisosi nimekificha nyuma ya kopo la sukari. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Anasukuma masanduku. Vumbi linashuka kwenye kahawa yangu. Anaongea peke yake kule, kama mama yake. Kapata viatu vya harusi, kanitangazia. Kapata mashine ya kusagia nyama. Kapata sweta lake la utotoni. Kila akiinama anaguna.

Nje kumekucha vizuri. Jua limepanda kwenye kiti cha Alida. Limefika ukingo wa meza. Bado kiganja kimoja lifike kwenye gazeti. Nikimwita sasa, ashuke polepole, atalikuta. Ataliona jina kwa macho yake, mkia na yote. Nitasema — sijui nitasema nini. Nitaweka kidole tu, kama Staf.

Anaita. "Baba! Haya nimeyamaliza! Lina rangi gani hilo sanduku?"

Jua limegusa mbuzi.

"Baba! Unanisikia? Rangi gani?"

Nimesema la bluu.

Namsikia anapiga magoti, anavuta kitu kizito. Darini hatuna sanduku la bluu.